Msimu wa Sanaa na Bi Sabra

Jumatatu, 2 Septemba

Mkuu wa Chuo, Mwalimu Methusela, ametuita ukumbini wakufunzi wote kututangazia kwamba muhula huu Chuo cha Ualimu Mkwajuni kitakuwa na Msimu wa Sanaa. Maonyesho, kwaya, ngoma, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, mpaka Novemba. Nikafurahi. Mimi ndiye mkufunzi wa muziki na ufundi hapa tangu ukumbi huu haujaanza kuvuja. Kisha akasema mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Fanueli, na Mwalimu Tabia Ame, yaani mimi, ni msaidizi wake. Fanueli amekuja kutoka Njombe mwezi wa saba. Bado pua inambabuka kwa jua la Tanga, na shingoni anavaa filimbi maana anafundisha na michezo. Desemba nastaafu na kurudi kwetu Pemba. Sina haja ya kugombea kiti ninachokiacha.

Lengo la msimu, kasema Mkuu, ni "kuwavuta majirani." Hapo nikamtazama usoni nione kama ana haya. Majirani hao hao ndio aliowajengea ukuta mwaka jana. Wanawake wa mtaani walikuwa wakipita uwanjani kwetu kwenda mikokoni, wanakofukia makumbi ya nazi matopeni mpaka yalainike wapate usumba wa kusokotea kamba. Ukuta umewaziba. Sasa wanazunguka mbali, na makumbi mabichi kichwani. Tangu hapo mtaa mzima umesusa chuo. Hawaji kwenye mahafali, hawaji kwa lolote.

Na jirani wa kwanza ng'ambo ya ukuta ni Sabra. Shoga yangu Sabra, tuliyekuwa tukila futari sahani moja, niliyemshika mkono alipofiwa na mama yake, naye akanikandia mgongo miaka yote ya ujane wangu. Anasema nilijua habari za ukuta nikamficha kwa kuwa nakaa nyumba za wakufunzi, humu ndani. Sikujua. Niliamka nikayakuta matofali kama yeye alivyoyakuta. Lakini Sabra akishaamua jambo hata kadhi hambadilishi, na mwaka umepita hajajibu salamu yangu.

Nimejiwekea nadhiri. Kabla sijapanda boti, Sabra atakaa mbele kabisa kwenye mojawapo ya shughuli hizi, na atanijibu. La sivyo nitakwenda Pemba na jiwe kifuani.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemsalimia Sabra sokoni. Akamgeukia muuzaji akauliza bei ya bamia.

Jumamosi, 14 Septemba

Maonyesho ya kwanza, picha za wanachuo na mikeka. Asubuhi nilimpa mwaliko Zuwena, binti yake Sabra, anayeuza vitumbua langoni kwetu. Alirudi anajing'atang'ata midomo.

"Mama mdogo, shikamoo. Usinikasirikie mie. Mama kasema hawezi kuja, ana mafua ya saruji."

Nilicheka. Hata hivyo nilitandika mbele kabisa mkeka nilioushona mwenyewe, wenye ukili wa zambarau, kwa ajili yake. Sabra hapendi viti. Husema vinamfanya ajione yuko hospitali anangoja sindano. Mkeka ulikaa mtupu mchana kutwa. Watazamaji walikuwa wakufunzi, wapishi, na fundi bomba aliyekuja kwa shughuli zake. Fanueli alizunguka akiwaeleza picha watu walewale waliozichora.

Jumanne, 17 Septemba

Fanueli anawaita wanachuo "wapendwa." Wapendwa, safisheni brashi. Wapendwa, nani kakojoa nyuma ya ukumbi?

Jumamosi, 28 Septemba

Tamasha la kwaya na ngoma. Nilimwambia Fanueli mapema, "Mwanangu, saa nane mchana watu wa hapa wameshiba wali na samaki, wamejilaza. Andika saa nane ukipenda, lakini watu watakuja baada ya sala ya alasiri."

Akasema, "Mama, kwetu saa nane ni saa nane."

Saa nane akapuliza filimbi, kwaya ikaimbia mabenchi. Waliimba vizuri, Mungu awabariki, hasa Abdulghani wa mwaka wa pili, ambaye sauti yake inakata maini hata akiita majina ya waliopo darasani. Alasiri wakaja wazazi wachache na wakufunzi wa chuo kingine wakakuta ngoma zinafungwa kamba. Fanueli alisimama katikati ya uwanja ametumbua macho. Nilitaka kumcheka, nikamwonea huruma ghafla. Nikampelekea maji ya kunywa.

Jibu la Sabra leo: "Mwambie kwaya yao naisikia bure kutoka jikoni kwangu, na bado mbichi."

Alhamisi, 3 Oktoba

Joto. Rangi zinakauka kwenye brashi kabla hazijafika kwenye karatasi. Miguu imenivimba.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hili lilikuwa wazo langu, na nililiona la werevu. Tuliandaa maonyesho ya kazi za usumba: kamba, mazulia ya mlangoni, vikapu, vyote vimenunuliwa sokoni au kuazimwa. Nilisema hapa Sabra hapindui. Kamba nzuri kuliko zote mtaani ni zake, na tatu kati ya zile zilizotundikwa nilizitambua kwa msokoto tu. Nikamwandikia jina lake chini kwa herufi kubwa. Nikatandika mkeka wangu wa zambarau. Nikavaa buibui jipya.

Zuwena akaja mikono mitupu, macho chini.

"Sema tu, mwanangu."

"Mama kasema makumbi yake yanaoza uani kwa kukosa njia, na nyie mnayatundika ukutani. Kasema tena ukuta huohuo."

Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Fanueli akanikuta. Nikadhani atapuliza filimbi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akauliza, "Mama, ni njia gani hiyo anayoisema?" Kumbe hajui. Kaajiriwa ukuta umeshakauka. Nikamweleza yote, makumbi, matope, Sabra. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda zake.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo wapishi wamemwona Mwalimu Fanueli akirudi kutoka mikokoni, matope mpaka mapajani, ndala moja mkononi. Alikwenda kwa kuzunguka, njia ya mbali wanayopita kina Sabra, na alijitwika gunia la makumbi ya bibi mmoja aliyemkuta njiani. Bibi alimshukuru kisha akamwambia anatembea kama bata. Amenisimulia mwenyewe huku akicheka. Nimeanza kumpenda huyu kijana, na filimbi yake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Fanueli amekwenda kwa Mkuu kuomba ukuta utobolewe mlango. Mkuu kasema litazungumzwa kwenye kikao. Kikao kipi, hakusema.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua ya vuli imetuangukia leo, mchana, siku ya tamasha. Ukumbi umevuja pande zote, na kinanda kimefunikwa kwa nailoni ya meza ya bwalo. Tamasha limeahirishwa hadi Jumamosi ya tarehe tisa. Hata hivyo mwaliko nilikuwa nimeshaupeleka asubuhi, na Zuwena alirudi na jibu moja tu: mama yake kausikia, kaendelea kuchambua mchele. Hakutuma hata tusi. Hilo limeniuma kuliko matusi yote. Mtu anayekutukana bado ana shughuli nawe.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua. Ukumbi umeshindikana kabisa, kwa hiyo tamasha la kufunga msimu litakuwa nje, uwanjani, chini ya turubai kubwa la kukodi. Viti havikupatikana vya kutosha. Fanueli kaamua watu wakae kwenye majamvi na mabenchi, na pilau ipikwe hapohapo, maana keshajifunza kwamba hapa mtu hafiki kwenye shughuli akaondoka na njaa. Siku ya kazi itaanza alfajiri, tamasha baada ya alasiri. "Baada ya alasiri," akarudia, akinikonyeza.

Zuwena kanidokeza kwamba mama yake ameuliza kama kweli Desemba naondoka moja kwa moja. Nikamuuliza, ulipomwambia kweli akasemaje? Akasema, "Kasema, aende salama." Nimelitafuna neno hilo siku nzima. Salama yenyewe ni nzuri, lakini hiyo ni salama ya kumfungia mtu mlango.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika nimelala. Leo saa tano nikipanga ngoma kichwa kilizunguka, nikaanguka. Presha. Fanueli kanibeba kwenye bajaji kutoka lango kuu mpaka hospitali. Wamenishusha presha, wamenipa dawa za kulala, wamesema nipumzike. Baada ya isha gari la chuo limenirudisha kwa lango la nyuma. Fanueli kaniapisha nisitoke kesho mpaka anifuate mwenyewe. Usingizi unanijia.

Jumapili, 10 Novemba

Jana nilikufa. Nitaandika kwa mpango, maana tangu asubuhi watu wamenisimulia, kila mmoja na yake, na wote wanatia chumvi.

Kwanza yaliyoonekana kutoka ng'ambo ya ukuta. Ijumaa mtaa mzima uliniona nikipitishwa kwenye bajaji, shingo imelegea begani kwa Fanueli. Kurudi kwangu hakuna aliyekuona. Jumamosi alfajiri Abdulghani, aliyepangiwa kufungua tamasha kwa kisomo, akaamua kujaribu spika. Na kwa kuwa sura aliyoihifadhi vizuri kuliko zote ni Yasini, akasoma Yasini, ile isomwayo misibani, yote, kwa sauti ile yake. Kulipokucha kikaonekana kilele cha turubai juu ya ukuta. Zuwena akafika langoni na vitumbua vyake, akachungulia. Akaona majamvi yametandikwa, mabenchi yamepangwa, masufuria yapo mafigani na wapishi wamejifunga kanga viunoni. Jukwaa lilikuwa upande wa pili wa turubai, hakuliona. Wala hakuuliza. Nani wa pwani hii angeuliza? Aliacha beseni la vitumbua palepale akakimbia kwao analia.

Mtaa ulikuwa umesusa chuo mwaka mzima, lakini msiba haususwi. Mtu unaweza kumnunia harusini na ukamnunia sikukuu ya Idi, akifa unakwenda. Wakaja wote. Wanawake na kanga zao kichwani, wanaume na kofia, wengine na kuni, wengine na mchele. Wapishi wetu walipowaona wanamiminika walifurahi wakadhani ni watazamaji wamewahi. Kuni wakazipokea.

Mimi nilikuwa fofofo. Yasini niliisikia ndotoni, nikaiona tamu, nikageukia upande wa pili. Nilipoamka jua limepanda na nje kuna vilio, vilio vya kweli, vya wanawake wengi. Nikajua mmoja wa wanachuo wetu amefariki. Kiapo cha Fanueli nikakisahau. Nikajitupia kanga kichwani, nikatokea mlango wa uani machozi yakinitangulia, nikajipenyeza nyuma kabisa kwenye jamvi la wanawake. Nikamgusa mama mmoja aliyejifunika uso gubigubi.

"Bibi, nani aliyetutoka?"

"Mwalimu Tabia," akasema kwa kwikwi. "Yule Mpemba."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikasema, na nikaendelea kulia kidogo kabla jina halijaniingia.

Lilipoingia nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Mtu hazoei habari kama hiyo. Na hapo ndipo nilipoisikia sauti mbele, sauti niliyoikosa mwaka mzima.

"Yuko wapi?"

Sabra alikuwa amesimama mbele ya Mwalimu Fanueli, kifurushi kifuani. Kanga zake mbili hazikufanana. Mguu mmoja kavaa kiatu chake, wa pili cha mumewe. Sabra huyu, asiyekwenda hata dukani bila wanja.

"Nani, Mama?" Fanueli akauliza.

"Tabia! Mmemweka wapi? Sitaki aguswe na mtu. Nitamwosha mie."

"Mama, hapa hakuna maiti."

"Hakuna? Mmeshamficha? Hata maiti nayo mnaijengea ukuta?"

Wanawake wakapaza kilio. Fanueli akaishika filimbi yake kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Alifungua kinywa, Sabra hakumpa nafasi.

"Tuliahidiana," akasema, na sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Nilipomwosha mama yangu Tabia alinishikia ndoo, mikono inamtetemeka. Nikamwambia, shoga, tukae hivi: atakayetangulia ataoshwa na mwenziwe. Nimeosha nusu ya mtaa huu, mwanangu, nikose kumwosha yeye? Mwaka mzima sikumsemesha. Kila siku nilisema kesho. Kila siku, Wallahi, nikiamka nasema leo nitamjibu, nikimwona kiburi kinanikaba. Nipeni basi nimwoshe, nimwambie maneno mawili sikioni. Hayo tu."

Kifurushi kikamfunguka mikononi. Vikadondoka jamvini pamba, sabuni, udi, kipande cha kafuri, na kanga mpya ambayo haijatolewa lebo.

Sijui niliinukaje.

"Sabra," nikaita kutoka nyuma. "Niambie sasa hivi, ningali nasikia."

Ilivyokuwa baada ya hapo siwezi kuieleza yote. Yule mama niliyemuuliza habari aliruka benchi, na umri wake si wa kuruka. Wanaume wanne walikuwa wanaingia langoni na jeneza la msikitini. Wakalitua chini wakarudi nyuma hatua kadhaa. Wengine walikimbia, wengine walipiga shahada. Sabra hakukimbia. Alikuja polepole, hapepesi macho, akanigusa paji la uso, akanigusa shingo, akanifinya mkono kwa nguvu mpaka nikapiga ukelele.

"Wa moto," akawatangazia watu. "Yu hai."

Kisha akavua kanga ya mabegani akaanza kunichapa nayo. "Mshenzi mkubwa wee! Unaniliza hivi na umesimama? Nimelia toka jikoni kwangu mpaka hapa! Na huo ukuta wenu umenizungusha, nimelia njia ndefu!"

"Sabra, sikujua habari za ukuta. Naapa."

"Najua hukujua! Nilijua zamani!" Akanichapa tena, halafu akanikumbatia, na tukalia wote wawili tukitikisika katikati ya jamvi, mbele ya jeneza. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa presha itanirudia nife kweli, watu wasisumbuke kwenda na kurudi.

Watu walipotulia wakaanza kutazamana. Watu wazima walikuwa wamelizwa bure, na aibu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira. Mzee Kombo, anayeshika funguo za msikiti, akauliza ni nani aliyesoma Yasini alfajiri. Abdulghani akasogea.

"Shikamoo, Babu. Ni mimi."

"Marahaba. Umesoma vizuri sana." Mzee akarekebisha kofia yake. "Siku nyingine, mjukuu wangu, anza na tangazo."

Kicheko kimoja kikatoka kwa wanawake, sijui cha nani, kikaambukiza jamvi zima. Hapo Fanueli akasogea mbele. Sikutegemea aseme kitu. Akasema kosa ni lake, kwamba yeye ni mgeni na hakujua turubai na majamvi asubuhi yanamaanisha nini hapa. Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mmekuja kwa ajili ya Mwalimu Tabia. Yupo. Naomba mkae naye." Basi. Mimi niliyemwona wa kupuliza filimbi tu, nilijisikia fahari kana kwamba nimemzaa.

Mzee Kombo akasema dua haipotei, ikasomwa dua ya uzima, jeneza likarudishwa msikitini tupu, na pilau ikaongezwa mchele uliokuja na waombolezaji. Hakuna aliyeondoka. Walikaa toka asubuhi mpaka alasiri wakisimuliana nani alilia vipi. Mkuu wa Chuo, aliyekuwa mjini, akafika saa tisa na suti, akakuta uwanja umejaa mpaka kwenye miti. Macho yakamjaa maji. Akashika kipaza sauti akawashukuru majirani kwa "mwitikio huu wa kihistoria wa kupenda sanaa." Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Sabra alikaa mbele, mkeka wa zambarau, kiatu cha mumewe amekiweka pembeni. Abdulghani alifungua kwa sura fupi. Kwaya iliimba, ngoma zikapigwa, wanachuo wakaonyesha mchezo wao. Mimi nilikaa begani kwa Sabra, na alikuwa ameushika mkono wangu pale kwenye mshipa, anausikiliza, muda wote.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkuu kaambiwa. Kajifungia ofisini mpaka saa sita. Alipotoka alimwita fundi na kumwonyesha mahali pa kutoboa mlango ukutani. Hakikuitishwa kikao chochote.

Alhamisi, 14 Novemba

Sokoni muuza nazi hakutaka kunipa chenji mkononi. Kaiweka juu ya meza akarudi nyuma. Nikamwambia, "Asante, nitakuombea huko nilikotoka."

Jumamosi, 16 Novemba

Hakuna shughuli leo. Msimu umekwisha, picha zimetolewa ukutani, ukumbi unaezuliwa mabati. Sabra kaja baada ya alasiri. Alipiga hodi akiwa ameshakaa. Kile kifurushi chake bado kiko kwangu, juu ya kabati. Hataki kukirudisha nyumbani, anasema ni uchuro, vitu vikishanuiwa mtu havirudi vilikotoka.

Tulikunywa chai ya mchaichai. Akauliza habari za Pemba, kama nyumba ya marehemu kaka yangu imeshaezekwa, kama nitapata jirani wa maana. Nikamjibu. Akaipuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Sasa kule ukifa atakuosha nani?"

"Wapo ndugu."

"Ndugu! Mie ndiye niliyeahidi. Lakini boti siiwezi, Tabia. Natapika tangu gatini. Nitafika huko ninyi mkinifikiria mie ndiye maiti."

Tukacheka, kisha hatukucheka. Ni kweli. Kuna bahari hapo kati, na sisi si wasichana.

"Basi ukitangulia wewe nitakuja mimi," nikasema. "Bahari ni ya kwetu."

"Utakuja kufanya nini? Hujui kuosha. Ulishika ndoo tu, na maji ukayamwaga nusu."

Mwosha huoshwa, wanasema wahenga. Miaka yote hii nimeusikia msemo huo na sikuwahi kujiuliza ni nani hasa atakayemwosha Sabra. Mabinti wa siku hizi wanaogopa. Zuwena mwenyewe hukimbia akiona jeneza. Nikamwambia hivyo. Akaweka kikombe chini, akavua miwani, akajinyoosha chali mkekani, kanga mpaka kidevuni, miguu imeelekea dirishani.

"Haya, njoo ujifunze."

"Sabra, acha uchuro!"

"Uchuro tuliumaliza siku ile na pilau tukala. Njoo."

Nikapiga magoti. Akanielekeza kwa utaratibu, macho amefumba. Kwamba mwili haufunuliwi hata kidogo, mkono unapita chini ya nguo. Kwamba tumbo linaminywa polepole, si kama unga wa chapati. Kwamba unaanza na upande wa kulia, na sehemu za udhu. Kwamba kafuri ni kwa maji ya mwisho.

"Na humwachi mpweke," akasema. "Wengine huosha kimya. Mie huwasemesha. Sasa nakugeuza, bibi. Sasa nakumwagia maji, usishtuke. Wote nimewaambia, na mama yangu nilimwambia."

Nikaushika mkono wake wa kulia. Kiganja kigumu kwa kupiga makumbi, kucha zina hina ya wiki iliyopita. Niliwahi kuushika mkono huu mara nyingi, kuvuka matope, kupokea vyombo, na sikuwahi kuutazama.

"Sabra," nikasema, "sasa nakushika mkono wa kulia."

"Sema kwa nguvu," akasema, macho bado kayafumba. "Siku hiyo nitakuwa mbali."

Nikasema tena, kwa nguvu.